Uzito wa Profesa Chidumizi

Kabati la dawa lilimwita mgonjwa kwa jina, kwa ile sauti yake ya upole kama ya mhubiri wa redioni.

"Yunisi Msanjila. Dozi inayofuata ni saa tisa kamili. Tafadhali usijisogeze."

Yunisi hakujisogeza. Hata angetaka asingeweza. Tangu dozi ya asubuhi alikuwa amelala na tumbo lake la miezi minane, macho nusu wazi, ulimi mzito, akivuta pumzi kama mtu anayepanda mlima usingizini. Mrija ulitoka ubavuni mwa kabati ukaingia mkononi mwake, na pale ulipoingilia palikuwa na kufuli dogo la chuma.

Dk. Twilumba Kikoti alifunua shuka, akapitisha mkono chini ya goti la Yunisi, akaliinua kidogo, kisha akaligonga kwa nyundo ya mpira. Mguu haukutikisika. Akagonga tena. Ilikuwa kama kugonga gunia la mtama.

"Umeona?" akamuuliza Nesi Chiwanga.

"Nimeona, Daktari. Ndiyo maana nikakuita."

"Goti likikataa kuurusha mguu, ujue dawa imejaa mwilini. Ukiongeza hapo, kinachofuata kukataa ni pumzi."

"Basi liambie hilo kabati. Mimi limeshanichosha."

Twilumba alisimama mbele ya kioo cha kabati, akainua mkono wenye bangili. Kila mtafiti wa afya nchini alivaa bangili ile, na kwenye bangili uliwaka uzito wake wa kitaaluma, kijani kwa wazito, njano kwa wa kati, na mtu asiyerejewa na yeyote bangili yake ilikuwa nyeusi kama mkaa. Ya Twilumba iliwaka njano inayokaribia kijani. Alikuwa ameitafuta rangi ile tangu usichana.

"Napinga dozi ya saa tisa," alisema. "Mgonjwa amezidiwa na dawa. Dalili ninayo hapa mkononi."

"Karibu, Daktari Twilumba Kikoti," kabati likajibu. "Makala inayoongoza tiba ya kifafa cha mimba ni ya Profesa Ndahani Chidumizi, daraja la kwanza. Pingamizi lako linahusu makala hiyo, hivyo limepokelewa kama rejea. Uzito wa makala umeongezeka. Asante kwa mchango wako."

Nesi Chiwanga akaziba mdomo kwa kiganja. Hakujua kama acheke au alie.

Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya Mizani, mtambo ulioendesha makabati yote nchini. Waliiunda watu wenye nia njema, baada ya miaka ambayo kila tabibu alitibu alivyoota na kila muuza dawa alikuwa na utafiti wake mfukoni. Wakasema, tufuate utafiti ambao watafiti wenzake wanaurejea zaidi. Makala ikitajwa ndani ya makala nyingine, inaongezewa uzito. Makala nzito kuliko zote kwa ugonjwa fulani ndiyo inayoamuru makabati, na makabati ndiyo yanayotibu. Kosa lao lilikuwa moja. Mizani ilijua kuhesabu kutajwa, lakini haikujua kutofautisha sifa na lawama. Ukimtaja mtu kwa kumsifu umemtaja, ukimtaja kwa kumkaripia umemtaja vilevile. Kwa hiyo makala yenye kasoro haikuuawa na hoja. Ilinenepa kwazo.

Na makala ya Chidumizi haikuwa ya uongo hata kidogo. Aliwapima wajawazito wa Kilimanjaro na Kagera, kwenye maji matamu na figo zenye nguvu, na huko dozi yake iliokoa wanawake wengi mno, mpaka watoto wakaitwa Ndahani, wa kike kwa wa kiume. Ila huku Chamvuno, kwao mwenyewe Profesa, watu wanakunywa maji ya kisima yenye chumvi na magadi tangu wanazaliwa. Figo zimechoka. Dawa inaingia na haitoki. Mwanamke anaanza kwa kusinzia.

Chidumizi alikuja kulijua hilo uzeeni, na hakulificha. Aliandika makala ndefu ya kujikosoa. Ikasomwa kila mahali, na kwa kuwa ndani yake alijitaja mwenyewe ukurasa hadi ukurasa, uzito wa ile ya kwanza ukaruka juu kuliko ulivyowahi kufika. Wakampa medali. Alikwenda nayo kwa Twilumba imefungwa kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani, wakacheka mpaka machozi. Kisha Twilumba akagundua kwamba mzee hacheki tena, ila machozi yanaendelea.

Sasa alikuwa amekufa, na siku hiyo ndiyo alikuwa anazikwa, pale juu kwenye mji wa baba yake, umbali wa kutupa sauti kutoka zahanati.

"Wakishamzika itakuwaje?" Nesi Chiwanga akauliza.

"Udongo wa kwanza ukidondoka, mrithi anaweka dole gumba kwenye kisomeo, kile kidude cha Mizani, na makala inakuwa jiwe. Jiwe halipunguzwi wala haliondolewi mpaka wajukuu zetu wazeeke."

"Na kabla ya udongo?"

"Kabla ya udongo mrithi anaweza kuifuta."

"Nani amewahi kufuta?"

"Hakuna. Nani afute uzito wa baba yake siku ya kumzika?"

Nesi akautazama mrija. "Mimi naweza kuuchomoa huu sasa hivi. Jela naijua, ina milango tu."

"Ukiuchomoa, kabati linafunga zahanati nzima. Yule mtoto wa homa ya uti wa mgongo pale kona, mrija wake nao utafungwa." Twilumba alitia nyundo kwenye mfuko wa koti, akaitazama saa ya ukutani. Ilikuwa inaelekea saa nane. "Chiwanga, wewe ni Mgogo?"

"Swali gani hilo, Daktari?"

"Na Profesa alikuwa Mgogo. Na mimi ni nani?"

Tabasamu likaanza kumtoka Nesi pembeni ya mdomo, taratibu, kama mtu anayeonja mlenda akakuta una karanga.

"Wewe? Wewe ni Mhehe. Mla mbwa."

"Ahsante," Twilumba akasema. "Nilitaka mtu anikumbushe."

*

Makaburini walijaa watu wa aina mbili. Upande mmoja walikuwa wanakijiji, wanawake na khanga zao kichwani, vijana na majembe, kwaya ya kanisa imeshapoteza sauti kwa kuimba tangu jana. Upande wa pili walikuwa watafiti kutoka Dodoma na Dar es Salaam, wamevaa suti nyeusi, mikono wameikunja mbele ili bangili zionekane. Zote za kijani. Karibu wote walikuwa wanafunzi wa marehemu, au wanafunzi wa wanafunzi wake.

Jeneza lilikuwa linashushwa kutoka mabegani Twilumba alipopenya katikati, akaitwaa kofia ya marehemu iliyokuwa juu ya jeneza, akaivaa, akarukia kaburini.

Wanakwaya walinyamaza. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Twilumba akajinyoosha chini kabisa, akaweka mikono chini ya kichwa.

"Pazuri humu," alisema kwa sauti. "Wagogo mmejifunza lini kuchimba? Mimi nilidhani mnajua kuswaga ng'ombe tu."

Mzee mmoja wa ukoo akaangua kicheko, na kicheko hicho kikawafungulia wenzake. "Watani wamefika!" akapaza sauti. "Nikasema mimi, msiba gani huu mkavu hivi!"

"Fungeni mbwa wenu!" mama mmoja akadakia. "Huyu Mhehe akitoka humo ana njaa!"

"Mbwa wenu wamekonda kama nyinyi," Twilumba akajibu. "Mlenda haunenepeshi."

Wanakijiji walicheka huku wakifuta machozi. Ndivyo ilivyo tangu babu zao walipochoka kupigana na kuamua kutaniana. Mgogo akifa, Mhehe ana haki ya kuzuia maiti yake, kumwiga, kumtukana, kusema lile ambalo ndugu hawathubutu kulisema. Na maiti haizikwi mpaka mtani aridhike.

Watafiti hawakucheka. Dk. Kamugisha wa Baraza la Uzito, mtu mrefu mwenye kisomeo mkononi, alisogea ukingoni akainama.

"Daktari Kikoti, toka humo. Unajiaibisha."

"Mleteeni jogoo atoke," kijana mmoja akasema. Jogoo akaletwa, amefungwa miguu.

"Sitaki jogoo."

"Mbuzi basi!"

"Mbuzi wenu nawajua, ni ngozi na kelele." Twilumba akainuka, akaiweka kofia upande kama Profesa alivyokuwa akiiweka, akatoa kifua mbele, akakohoa kile kikohozi chake cha mara mbili. Kilimtoka sawasawa mpaka mtoto mmoja akajificha nyuma ya mama yake. "Khm, khm. Jamani. Mimi Ndahani nimepima wajawazito wa Moshi. Nimepima wa Bukoba. Wa kwetu hapa sikuwapima, nilikuja tu Krismasi kula nyama. Khm. Kisha nikarudi nikakuta binti zangu wanasinzia hawaamki. Nikaandika, jamani, nimekosea, msiwape hawa dozi ile! Wakanipa medali."

Kicheko kilianza, kikafia njiani. Wanawake walikuwa wanatazamana. Kila mmoja alimjua aliyesinzia.

"Hili ni pingamizi la kitaaluma," Kamugisha akasema kwa ukali, akainua kisomeo. "Kwa kanuni zetu, anayepinga wakati wa kufunga uzito anahesabiwa kuwa amerejea..."

Twilumba akavua bangili, akairusha juu ya kifusi cha udongo.

"Daktari yupo hapo juu, mpime. Humu ndani kuna mtani, na hatoki mpaka makala ifutwe."

Kisomeo kikalia, kikatafuta, kikalia tena. *Msemaji hatambuliki*, kikasema. Mizani ilikuwa imehesabu kila kitu nchini, ila hakuna aliyekumbuka kuifundisha utani.

Kamugisha akapiga goti kwenye udongo na suti yake. Aliposema tena, alisema kama mtu, si kama baraza.

"Dada yangu Kokushubira yu hai kwa makala hii. Alikuwa anatoa povu mdomoni, Twilumba, mimi nimemshika miguu. Ikifutwa leo, makabati ya Bukoba yananyamaza leo. Mama mwenye kifafa kule apewe nini? Wauguzi wameshasahau kutibu. Utawaua wa kwetu ili uwaokoe wa hapa."

Lile ndilo neno lililomkosesha Twilumba usingizi tangu alipopata habari za msiba, na hapakuwa na ujanja wa kulizunguka.

"Dawa haifutwi," akasema. "Inafutwa amri. Sindano zitakuwepo, na wauguzi wana mikono."

"Watakosea."

"Watakosea. Pengine mtu atakufa ambaye kabati lingemponya, na hilo nitalibeba mimi, sitalitupia Mizani. Lakini muuguzi akikosea atakuwa anamtazama mgonjwa, na kesho atarekebisha. Hilo kabati lenu linakosea kila siku huku linatushukuru kwa mchango." Akapandisha sauti, na utani ukarudi. "Au niseme wauguzi wa Bukoba ni wajinga kuliko wa Ugogo? Hawa wa hapa nimewafundisha kugonga goti asubuhi moja tu, na unawajua Wagogo!"

"Na sisi je?" akauliza mtafiti mmoja nyuma. "Sote hapa tumemrejea. Makala zetu zimeegemea yake. Ikifutwa..."

"Tunazimika. Mimi wa kwanza, maana sina hata moja isiyomtaja mzee huyu. Maisha yangu yote ya utafiti yapo kwenye bangili hiyo hapo kwenye udongo. Mnaona nimeiokota?"

Hapo ndipo mjane alipojongea. Mama Lameki alikuwa mwanamke mfupi, mnene. Mwanawe Lameki alimshika kiwiko, mama akauondoa mkono huo taratibu.

"Mtani," akaita kaburini. "Yule binti wa Msanjila yuko zahanati?"

"Yuko, Mama Lameki."

"Anachomwa saa ngapi?"

"Saa tisa."

Mjane alitazama jua, kisha akawatazama wale watu wa suti. Hakuwa mtu asiyependa heshima. Shule ya kata ilikuwa na jina la mumewe, na kila alipokwenda kliniki walimpisha mbele. Alijua vizuri anachoulizwa.

"Medali ile," akasema, "aliniambia niitumie kuzuia mlango wa jikoni usigonge ukuta. Nikadhani ni kiburi cha uzee. Bado iko pale."

"Mama," Lameki akasema, "jina la baba!"

"Jina la baba yako nimelala nalo maisha yangu yote. Halikuwa kwenye makala." Akamgeukia Kamugisha. "Lete hicho kidude."

Kamugisha hakusogea. Twilumba, aliyekuwa anamtazama kutoka chini, aliona kwamba hafikirii bangili yake. Alikuwa anamfikiria dada yake.

"Mwanangu," mjane akamwambia, "mume wangu aliomba kufuta akiwa hai, mkamwambia mwandishi hana ruhusa, ana wivu na nafsi yake. Sasa ruhusa ninayo mimi. Lete."

Akaleta. Mama Lameki akaweka dole gumba. Kisomeo kikamuuliza kama ana hakika. Akaweka tena, kwa nguvu, kama mtu anayeua kunguni.

Bangili ziliwaka nyekundu mara moja, kisha zikaanza kuzimika. Hazikuzimika pamoja. Ilianza ile ya Twilumba kwenye kifusi, ikafuata ya kijana aliyekuwa mbele, ya profesa mwenye fimbo, ya mama mmoja aliyekuwa akilia bila sauti, ikazunguka kaburi lote. Wengine walizifunika kwa viganja kama mtu anayekinga mshumaa. Ya Kamugisha ilikuwa ya mwisho.

"Haya, toka kwenye nyumba ya watu, mla mbwa wee," Mama Lameki akasema, midomo ikimcheza. "Tumzike mzee wetu, mwepesi kama alivyozaliwa."

*

Twilumba alifika zahanati amejaa udongo, kiatu kimoja amekiacha kaburini. Kabati lilikuwa linazungumza peke yake.

"Yunisi Msanjila. Dozi inayofuata... Hakuna makala. Tafadhali subiri. Dozi inayofuata... Hakuna makala."

Kufuli lilibofya, likafunguka. Nesi Chiwanga hakungoja kuambiwa. Aliuchomoa mrija, akabana pamba. Kwenye kona, mrija wa yule mtoto wa homa ya uti wa mgongo uliendelea kudondosha kama kawaida, maana makala yake ilikuwa nyingine.

"Mgeni hatambuliki," kabati likamwambia Twilumba. "Tafadhali toka nje ya chumba cha tiba."

"Nyamaza."

Walikaa kando ya kitanda, mmoja huku, mmoja kule. Hawakuwa na kazi nyingine ila kungoja figo za Yunisi zifanye zinachoweza. Nesi alihesabu pumzi. Twilumba aligonga goti, akangoja, akagonga. Huko juu kwaya ilianza tena kuimba, ndipo wakajua mzee amefunikwa. Twilumba alitamani kuwepo. Hakuinuka.

Jua lilikuwa limeanza kulainika Kamugisha alipotokea mlangoni, magoti ya suti yake mekundu kwa udongo, bangili nyeusi, simu mkononi. Hakusalimia.

"Bukoba wako kwenye simu," alisema. "Kabati lao limenyamaza. Wana mama amepata kifafa, wamemchoma dozi ya kwanza kwa mkono, sasa hawajui wampe ya pili au wasimpe." Akainyoosha simu. "Nimewaambia habari ya kugonga goti. Wanauliza wagonge wapi."

Twilumba angeweza kusema mengi, na kama mtani wa msiba ule alikuwa na haki ya kuyasema. Akanyoosha mkono, akaipokea simu, akaiweka kitandani ikiwa imefunguliwa sauti.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Asimwe," ikajibu sauti ya kike, nyembamba, yenye hofu.

"Asimwe, pitisha mkono wako chini ya goti lake, uliinue. Umelipata? Sasa tafuta kile kifupa cha goti. Chini yake kidogo pana mshipa mgumu kama kamba. Gonga hapo. Huna nyundo? Gonga kwa upande wa kiganja. Usiogope, hutamvunja."

Kwenye simu kikasikika kishindo kidogo. Kamugisha alikuwa ameiinamia.

"Umeruka!" Asimwe akapiga kelele. "Mguu umeruka!"

"Anapumua vizuri? Mkojo unatoka?"

"Ndiyo. Vyote."

"Basi mpe. Na kabla ya inayofuata, gonga tena. Kila mara gonga kwanza, usiniamini mimi wala mtu mwingine."

Kamugisha akakaa sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso.

Yunisi alifungua macho. Akauliza, kwa ulimi uliokuwa bado mzito, kwa nini kuna mwanaume mwenye suti analia, nani amekufa.

"Mtani wangu," Twilumba akasema. "Njoo, kaa."

Wakamketisha ukingoni mwa kitanda, nesi akimkinga mgongo, miguu ikining'inia kando ya kabati. Twilumba akatoa nyundo. Ilikuwa na udongo wa kaburini, akaifuta kwenye sketi. Akapapasa chini ya goti, akapata mshipa, akagonga.

Mguu ukaruka. Uliruka kwa nguvu, ukapiga kioo cha kabati teke la wazi, kioo kikatikisika, taa zake zikapepesa.

"Tafadhali usijisogeze," kabati likasema.

Twilumba akagonga tena.